Mwamba wa Hamsini na Sita

Siku niliyoagwa kazini ilisomwa hotuba iliyosema nilikuwa nguzo ya kituo. Aliyeisoma alikuwa ameletwa kutoka ofisi kuu wiki ile ile, na alipofika mahali pa kueleza nguzo hiyo ilikuwa imeshikilia nini, alikohoa, akanywa maji, akafungua ukurasa uliofuata. Simlaumu. Watu wengi wa Tororo wanaijua maabara yetu kama lile jengo la nyuma ya miti ambalo jenereta yake hunguruma hata umeme ukiwepo. Wengine husema tunachapa pesa. Wengine, wale waliosoma, husema tunatengeneza bomu.

Kwa faida yenu mnaobaki, maana mtaulizwa na mashemeji zenu kwenye kila msiba, naomba niseme tulifanya nini hasa. Tulikamata atomu mbili zilizoshikana, tukazimulika kwa mwanga wa leza, rangi moja baada ya nyingine, tukatazama ni rangi ipi itakayozifanya ziachane. Basi. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote maishani, na kama mnaona ni kazi ya kuchonganisha, mko karibu na ukweli kuliko yule msoma hotuba.

Sikuingia kwa mlango ambao ninyi mliingilia. Shule niliiacha mapema, kwetu Masaba, kwa sababu mwalimu wa sayansi alichoka kuulizwa na mimi nilichoka kunyamazishwa. Baada ya hapo nilichuuza samaki, nikaendesha mashine katika ukumbi wa video, nikasimamia pampu ya maji kwenye mashimo ya dhahabu, nikatengeneza friji Busia, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, kulingana na upande upi ulikuwa na friji mbovu zaidi. Kila kazi niliikalia mpaka nikajua kilichomo ndani ya mashine, kisha nikaondoka. Mama yangu alikuwa na majina mengi ya tabia hiyo, na hakuna hata moja linaloweza kuandikwa mahali ambapo vijana watasoma.

Sasa, friji huwezi kuitia gesi kabla ya kuivuta hewa yote iliyomo. Ukiacha hewa ndani, gesi mpya haifanyi kazi na mwenye friji anarudi na nyama iliyooza kama ushahidi. Kwa hiyo kila fundi wa friji ana pampu ya ombwe, na anajua kusikiliza mahali panapovuja. Hiyo ndiyo shahada yangu. Fundi Ojambo, aliyekuwa akitunza mitambo ya maabara, alinikuta nayo barazani Busia siku alipokuja kutafuta mafuta ya pampu.

"Dada, hii pampu yako navuta mpaka wapi?" akauliza, bila hata salamu.

"Mpaka friji ilie."

"Mimi niko na pampu navuta mpaka hewa yote naisha kabisa. Lakini kuna mahali navuja."

"Wapi?"

"Kama ningejua wapi, ningekaa hapa nakunywa chai na wewe?"

Nilimfuata Tororo ili nione hiyo pampu, halafu nirudi. Sikurudi. Tafadhali msiweke jambo hilo kwenye kumbukumbu za kituo kama wito wa maisha. Nilitaka kuona pampu.

Ndani nilikuta pipa kubwa la chuma cha pua, kama masufuria mawili ya arusi yaliyofunikwa mdomo kwa mdomo, limetoboliwa madirisha ya vioo kila upande na kuzungukwa na waya. Nikaomba sabuni na maji. Kwenye mabomba ya friji, ukitaka kujua panapovuja, unajaza gesi, unapaka povu, unaangalia mapovu. Nilikuwa nimeshalipandisha povu la kutosha kuoga, Fundi aliponishika mkono.

"Unataka kuogesha ayoni?" akaniuliza, akimaanisha zile atomu zenye chaji zinazokamatwa humo ndani. "Friji nasukuma nje. Hii nanyonya ndani. Ukipaka sabuni hapo, kesho tuko na sabuni ndani mpaka Krismasi."

Akanionyesha njia yake. Alichovya pamba kwenye spiriti, akaipitisha polepole kwenye kila kiungo huku mimi nikitazama mshale wa kipimo. Pamba ilipofika kwenye dirisha la kushoto, mshale ukaruka. Spiriti ilikuwa imenyonywa ndani. Akatikisa kichwa kama daktari aliyepata jipu. Tangu siku hiyo nilimwita mwalimu wangu, na yeye aliniita Nafula, jina langu, kisha mambo mengine, hasa kuhusu kuishi bila mume. Kwa Fundi Ojambo, mtu wa umri wangu asiye na nyumba ya kurudi alikuwa ni mtambo uliosahauliwa kufungwa bolti ya mwisho.

Mwenye maabara alikuwa Daktari Nyaketcho, mzaliwa wa Kiyeyi. Alisoma nje miaka mingi, kisha akarudi na mitambo yake ikiwa vipande vipande ndani ya makasha. Watu walimwuliza kwa nini amerudi, kwa sauti ile ile wanayomwuliza mtu kwa nini ameibiwa. Yeye ndiye mtu wa kwanza katika maisha yangu ambaye sikuweza kumchosha kwa maswali. Wiki yangu ya kwanza nilijaribu kwa bidii.

"Kwa nini tuzivunje hizi atomu zilizoshikana?" nilimwuliza.

"Ukitaka kujua kamba ina nguvu gani, unafanyaje?"

"Naivuta mpaka ikatike."

"Na sisi tunavuta, lakini kwa rangi. Mwanga mwekundu unavuta kidogo. Wa bluu unavuta zaidi. Wa zambarau, na ule wa mbele yake ambao jicho halioni, unavuta kwa nguvu kabisa. Rangi ya kwanza inayokikata kile kifungo baina ya atomu ndiyo kipimo cha nguvu yake."

"Na kwa nini tutumie ayoni? Kwa nini tusitumie molekuli nzima yenye elektroni zake zote?"

"Kwa sababu iliyopungukiwa elektroni moja ina chaji, na chenye chaji naweza kukiswaga kwa umeme. Molekuli nzima inakwenda inakotaka. Kama wewe."

Tulikuwa na leza mbili. Ya kwanza tuliiita Mchimbaji. Ilipiga kipande cha madini ndani ya pipa, ikageuza chembe yake kuwa mvuke wa moto, na kutoka kwenye mvuke huo zikazaliwa ayoni. Umeme ukazichuja kwa uzito, ukapitisha zile tunazozitaka tu, ukazifungia kwenye mtego katikati ya pipa. Hapo ndipo ya pili, Mwimbaji, ilipozimulika, ikipanda rangi kama mtu anayepanda sauti kanisani. Halafu tukapima tena uzito wa vilivyobaki. Kama uzito umepungua, kifungo kimekatika. Mkija kuulizwa faida yake, semeni kwamba molekuli hizi hizi zimo kwenye ndimi za moto na juu angani vimondo vinapoungua, na kwamba bila kujua nguvu ya kifungo, hesabu za wanaozichunguza huko ni za kubahatisha. Mkiulizwa faida yake kwa Tororo, ulizeni kama kuna chai.

Miaka ya kwanza tulishughulika na metali nyingine, kwa mafanikio ambayo yaliwafurahisha watu wachache sana walioishi mbali sana. Kisha Daktari akaagiza kalsiamu. Mpango wake ulikuwa mwepesi kueleza: kalsiamu ikikaa hewani kidogo inashika ukoko mweupe, kwa sababu inashikana na oksijeni. Mchimbaji akipiga ukoko huo, tutapata ayoni za kalsiamu na oksijeni zikiwa zimeshikana tayari. Atomu ya kalsiamu ina uzito wa arobaini, oksijeni kumi na sita. Pamoja hamsini na sita. Kifungo kikikatika, tutabaki na arobaini. Tulikaa kusubiri arobaini.

Wakati huo huo tukapewa habari kwamba kamati itakuja kuamua kama chumba chetu kitaendelea kuwa maabara. Mkurugenzi wa kituo alikuwa na wazo lake. Alikuwa ameingia maabara mara moja tu, na swali aliloliuliza lilikuwa upana wa chumba. Alitaka ukumbi wa semina. Daktari akatuita mimi na Fundi, akatuambia wazi: kamati ikiondoka bila kuona kazi ya maana, mitambo itarudishwa kwenye makasha, na safari hii haitatoka.

Fundi Ojambo aliipokea habari hiyo kama mtu wa kwao. Hapa nieleze, maana baadhi yenu mmetoka mbali. Kwetu sufuria haisuguliwi kwa sababu ni chafu. Inasuguliwa kwa sababu kuna watu wanaopita njiani. Inasuguliwa kwa majivu, kwa mchanga, kwa waya, mpaka ing'ae kama mwezi, kisha inaanikwa uchanjani mbele ya nyumba ili mpita njia ajue humu wanakaa watu. Kamati kwa Fundi ilikuwa mpita njia. Tangu siku hiyo alisugua kila kitu kilichokubali kusuguliwa: pipa, bolti, mabomba, miguu ya meza, mpini wa ufagio. Mimi nilijiona nikiwa mchafu kila niliposimama karibu na kitu chochote.

Tulipowasha Mchimbaji kwa mara ya kwanza juu ya kalsiamu, kwenye hamsini na sita pakainuka kilima cha ajabu. Mchoro kwenye kompyuta ulikuwa bapa kushoto, bapa kulia, na katikati jiwe moja limesimama peke yake, kama Mwamba wa Tororo unavyousimamia mji. Tukaliita Mwamba. Daktari akamwasha Mwimbaji. Nyekundu, hakuna kitu. Kijani, hakuna kitu. Bluu, zambarau, tukavuka kwenye rangi zisizoonekana. Mwamba ulikaa pale pale. Arobaini haikutokea, labda kijidalili, kama mtu anayepita mbali na kukataa kusalimia.

"Kifungo gani hiki?" nikasema.

"Sijui," akasema Daktari. Ndiyo sababu nilimheshimu. Nimefanya kazi na wanaume wengi wa friji ambao neno hilo lingewaua.

Mimi nilijua. Nilijua kwamba kioo cha dirisha kimechafuka. Tukakisafisha; Mwamba ukakaa. Nikajua kwamba Mwimbaji amepoteza sauti. Daktari akampima upya, alikuwa mzima. Nikajua kwamba ni jenereta. Tukasubiri umeme wa mtaa, ulipokuja tukarudia, Mwamba ukakaa. Nilikuwa na uhakika wa aina nyingi kipindi hicho. Kila Jumatatu tulifungua pipa kusafisha madirisha, Fundi akatoa kalsiamu na kuirudisha, tukavuta hewa upya, na kila Jumatatu Mwamba ukasimama mrefu zaidi na bila mkwaruzo.

Mkurugenzi akapata habari. Sikumwambia mimi, na Daktari hakumwambia. Fundi alimwambia mlinzi wa getini kwamba tumepata kitu leza hainavunja, na getini kwetu ndiko habari za sayansi zinakochapishwa. Mkurugenzi akasahau ukumbi wa semina kwa muda, akaipigia kamati simu na kuwaambia kituo chake kimegundua kifungo cha kikemia kisichovunjika. Akaja maabara kwa mara ya pili.

"Daktari, hongera! Nimewaambia."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba hakivunjiki."

"Mkurugenzi, hicho kifungo wenzetu wamewahi kukikadiria. Kinapaswa kukatika kabla hata hatujafika mwisho wa rangi zetu. Ama wote wamekosea, ama mimi nimekosea. Siwezi kusimama mbele ya watu na kusema kitu kabla sijajua ni yupi."

"Utajua baadaye. Kwanza sema."

Alipoondoka, Daktari alikaa akiutazama Mwamba. Akisema kifungo hakivunjiki na baadaye ikathibitika kuwa si kweli, hakuna atakayesoma tena jina lake kwenye karatasi yoyote. Akikataa kusema, chumba kimekwenda. Akaniambia, "Kuna mtungi mdogo uko forodhani Busia tangu niuagize. Naomba ukauchukue."

Ndani ya mtungi ilikuwa oksijeni nzito. Ni oksijeni kama nyingine, inashikana na vitu vile vile kwa nguvu ile ile karibu, ila kila atomu yake ina uzito wa kumi na nane badala ya kumi na sita. Hila yake ni hii: tukiipuliza kidogo juu ya kalsiamu, ayoni zetu zitakuwa na uzito wa arobaini na kumi na nane. Kama kweli Mwamba ni kalsiamu na oksijeni, utahama kutoka hamsini na sita kwenda hamsini na nane.

"Mwamba nahama wapi?" akacheka Fundi. "Mimi nazaliwa nauona hapo, na baba yangu aliuona hapo."

Nikaenda Busia. Afande wa forodha aliuweka mtungi mezani, akausoma, akanisoma mimi.

"Hii ni nini?"

"Oksijeni, afande."

"Ya hospitali?"

"Ya maabara. Ni oksijeni nzito."

Akaunyanyua kwa mkono mmoja. "Mimi naona nyepesi."

"Mtungi ni mwepesi. Oksijeni yenyewe ndiyo nzito."

"Sasa hewa ya Uganda iko na shida gani? Wewe napumua nini tangu asubuhi?"

"Ninayopumua mimi ni ya kumi na sita, afande. Hii ni ya kumi na nane."

Nyuma yangu mama mmoja mwenye mzigo wa vitenge alisema kwa sauti ya kutosha, "Sasa hewa nayo wanaleta kwa saizi," na mstari mzima ukacheka. Afande hakucheka. Alikuwa ametoka kukamata sukari iliyofichwa ndani ya jeneza, na imani yake kwa binadamu ilikuwa imeshuka.

"Fungua nisikie harufu."

"Ukifungua inakwisha. Na haina harufu."

"Kitu haina rangi, haina harufu, haina uzito, na wewe natoka Tororo kuifuata. Mama, mimi si mtoto."

Nilimweleza atomu. Nilimweleza kiini chake na vilivyomo. Nilitumia chupa za soda za mama wa vitenge kama mfano, na nawaambieni lilikuwa somo zuri. Watu wawili waliuliza maswali ya maana. Afande akaupeleka mtungi kwenye kabati. Basi nikachoka, nikasema, "Sawa. Lakini keshokutwa kuna kamati kutoka Kampala, na wakiuliza hewa yao iko wapi, nitawaambia iko kwenye kabati lako."

Mkono wake ukasimama. "Kamati?"

"Kamati."

Akauleta mtungi, akaufuta vumbi. Sayansi ilikuwa imeshindwa mbele ya watu wote, na neno moja lilifaulu. Kumbukeni hilo mkiwa na mizigo forodhani.

Asubuhi ya siku ya kamati tulikuwa maabara watatu. Nje Mkurugenzi alikuwa akipanga viti. Nilifungua valvu ya mtungi kidogo tu, kiasi cha mshale kupepesa. Daktari akamwasha Mchimbaji. Sote tukainama kwenye kompyuta.

Mwamba haukuhama.

Ulikuwa pale pale, hamsini na sita, mrefu, mzuri, unatutazama. Lakini kando yake, kwenye hamsini na nane, palikuwa pameota kichuguu. Daktari akakichuja kile kichuguu peke yake, akakiweka mtegoni, akamwasha Mwimbaji. Akapanda rangi taratibu. Tulipovuka zambarau na kusonga mbele kidogo, arobaini ikachipuka, ikakua, na kichuguu kikazama kadiri ilivyokua. Kilikatika. Kifungo cha kalsiamu na oksijeni kilikatika pale pale kilipopaswa kukatika, kwa adabu zote.

"Huyu mdogo ndiye tuliyekuwa tunamtafuta," akasema Daktari.

"Sasa ile kubwa ni nani?" Fundi akauliza.

Daktari alirudi nyuma kwenye kiti. "Kitu chenye uzito wa hamsini na sita. Hakina oksijeni ndani, maana hakikuhama. Hakikatiki kwa rangi yoyote." Akatazama chati ya elementi ukutani, ile ambayo mimi nilikuwa naipita kila siku nikienda kutafuta bisibisi. Akafumba macho. "Chuma. Atomu moja ya chuma ina uzito wa hamsini na sita. Haikatiki kwa sababu hakuna cha kukatika. Iko peke yake."

"Sasa wiki hizi zote tulikuwa tunavunja nini?"

"Mzee, tulikuwa tunamtaliki mtu ambaye hajaoa."

Fundi alinigeukia polepole. "Kama Nafula."

"Ndiyo maana sijakatika," nikamwambia.

Daktari hakucheka bado. "Lakini chuma kimetoka wapi? Kalsiamu yangu ilikuwa safi. Ilikuwa na ukoko wake tu. Huo ukoko ulikwenda wapi?"

Fundi Ojambo akasimama wima, kama mtu aliyesubiri muda mrefu mgeni aione kazi yake. "Ule uchafu mweupe? Ulikuwa aibu, Daktari. Kila Jumatatu narudi tena. Mimi nilisugua tangu siku ya kwanza, na kila Jumatatu. Wageni wanakuja!"

"Ulisugua kwa kitu gani?"

"Kwa waya. Ile ya masufuria." Na hapo nikaona akili yake ikifika mahali ambapo mdomo wake ulikuwa umeshafika. Waya wa masufuria ni chuma. Alitazama mikono yake. Alikuwa ameondoa oksijeni tuliyoitaka na kutupaka chuma tusichokitaka, wiki baada ya wiki, kwa heshima kubwa. Akakaa chini kwenye kreti la soda.

Nilimtazama Daktari. Angeweza kusema neno moja ambalo lingemmaliza yule mzee. Alisema, "Waya ulikuwa wa Kenya au wa Uganda?"

"Kenya," akasema Fundi kwa sauti ndogo.

"Chuma chao ni kizuri sana. Sijawahi kuona kilima safi namna ile." Ndipo akacheka, akacheka mpaka akafuta macho, na gari la kamati likapiga honi getini.

Mkurugenzi aliwakaribisha kwa dakika nyingi kuliko zilizohitajika. Aliwaambia kwamba katika chumba hiki, kwenye wilaya hii hii, limegunduliwa jambo litakaloushangaza ulimwengu, na akamwachia Daktari Nyaketcho nafasi huku akitabasamu kama baba wa bibi arusi. Nilisimama karibu na pampu. Nimewahi kukimbia kazi nyingi, lakini siku hiyo miguu haikuniomba ruhusa ya kuondoka.

"Nawashukuru kwa kuja," akasema Daktari. "Kifungo mlichoambiwa hakipo. Tulichokuwa tunapiga ni atomu za chuma zilizoingia kwa bahati mbaya tulipokuwa tunasafisha. Tumejua leo asubuhi. Ninachoweza kuwaonyesha ni kidogo zaidi, lakini ni cha kweli."

Mkurugenzi alibaki na tabasamu lake usoni. Nadhani hakujua pa kuliweka. Mwenyekiti wa kamati, mzee mnene aliyekuwa akifuatilia harufu ya sambusa, akauliza, "Kwa hiyo, kinavunjika?"

"Kinavunjika. Njoo ukivunje wewe."

Akamkalisha mbele ya kompyuta, akamwonyesha kitufe cha Mwimbaji. Mwenyekiti akapanda rangi kwa kidole kimoja, kwa hofu, kama anayebonyeza kengele ya nyumba ya mkwe. Arobaini ikachipuka. Akarudi chini, ikafifia. Akapanda tena, ikachipuka. Tulimsubiri aache. Hakuacha. Wenzake walikwenda kunywa chai na kurudi wakamkuta bado anavunja.

Uamuzi ulikuja kwa barua mwezi uliofuata. Maabara ibaki. Daktari alitusomea sababu, na naomba mzisikilize kwa makini, kwa sababu ninyi ndio mtakaoishi nazo. Kuhusu ukweli wake mbele ya Mkurugenzi, hakuna neno. Kuhusu kifungo cha kalsiamu na oksijeni, sentensi moja, na walikiita kifungu. Sehemu yote iliyobaki ilisifu usafi. Kamati haikuwahi kuona maabara inayong'aa namna ile, na ilipendekeza vituo vingine vije Tororo kujifunza.

Fundi Ojambo aliomba asomewe mara ya pili. Kisha akasema, "Nilijua," akatoka nje kwenda kukagua jenereta, na hatukumsikia tena akiitwa mwenye kosa na mtu yeyote, hata na yeye mwenyewe.

Kalsiamu ilipimwa upya kwa uangalifu na matokeo yakachapishwa, sahihi na yasiyomshangaza mtu. Waya ule Daktari aliutundika ukutani, pembeni ya chati ya elementi, kwenye mstari wa chuma. Upo hadi leo. Msiuondoe, na msiutumie.

Nilikaa miaka mingi baada ya hapo, jambo ambalo bado linanishangaza. Ndani ya mashine nilikuwa nimeshakuona kote. Siku ya hotuba ile, baada ya keki, Daktari alinipa chupa ndogo ya kioo iliyozibwa kwa nta. Ndani yake, katikati ya mafuta, kuna kipande cha ile kalsiamu ya kwanza, kimeshika ukoko mweupe wenye mabaka, sura mbaya kabisa. Kwenye karatasi aliandika, "Usikisugue."

Ninacho hapa nyumbani Busia, juu ya kabati. Fundi Ojambo, ambaye alistaafu kabla yangu, huja kunisalimu siku za soko, na kila akija anauliza kama bado sijaolewa, na kila akiuliza macho yake yanapanda kwenye ile chupa na vidole vyake vinaanza kumwasha. Namwekea kiti mbali nayo, karibu na mlango, na chai yake.